Gari Bila Bima Garissa: Ukigongwa Leo, Nani Atalipa Bili?

Cheki hii picha. Ni saa moja asubuhi Garissa, jua bado halijaanza kuchoma. Mwalimu mmoja anatembea kando ya barabara akienda shule. Mbele yake kuna mkokoteni wa punda umebeba mitungi ya maji. Tuktuk mbili zinashindania abiria. Mbuzi wanne wamesimama katikati ya lami kama wenye barabara. Tuktuk moja inakwepa mbuzi, inapanda kando, inamgonga mwalimu. Mguu unavunjika mahali pawili.

Wasee wanajaa. Mwalimu anakimbizwa hospitali. Dere wa tuktuk si mtu mbaya, hajatoroka, amesimama hapo ameshika kichwa. Halafu mtu mmoja kwa umati anauliza swali ambalo linanyamazisha kila mtu: hii tuktuk iko na bima?

Huyu mwalimu ni wa mfano tu. Lakini ukiishi Garissa, Wajir ama Mandera unajua hiyo picha si ya kubuni sana. Na jibu la hilo swali ndilo huamua kama mtu atatibiwa na kurudi kazini, ama familia itaanza kuuza mifugo na kuzungusha kofia ya harambee.

Serikali imekuwa ikisema inataka kumaliza magari yasiyo na bima na kupunguza vifo barabarani. Sawa. Lakini kwa graundi huku kaskazini mashariki mambo yako tofauti kidogo na Nairobi, na ndiyo maana leo tunachambua hii kitu polepole: bima inalipa nini, hailipi nini, kwa nini wengi hawana, na wewe ukigongwa ufanye nini.

Kwanza, sheria inasema nini?

Kenya iko na sheria ya bima ya magari inayoitwa Cap 405. Ni ya zamani, toka enzi za mkoloni, lakini bado inafanya kazi. Kwa lugha rahisi inasema hivi: hakuna gari kutembea kwa barabara ya umma bila bima ya kulipa mtu mwingine akiumia ama akifa kwa sababu ya hilo gari. Ukishikwa bila, ni faini ama jela ama vyote viwili.

Hiyo ndiyo bima ya mtu wa tatu, ile ajenti wa bima anaita thadi pati. Mtu wa kwanza ni wewe mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni yule uliyemgonga: mwalimu, mama mboga, mtoto wa dugsi, mchungaji. Kwa hivyo ile stika kwa kioo, hata kama dere ndiye ameilipia, kazi yake kubwa ni kumlinda mtu ambaye dere hamjui na hajawahi kumwona.

Hapa ndipo wengi hukosea. Dere akisema "mimi naendesha poa, sihitaji bima", anaongea kama bima ni yake. Cap 405 haimwangalii yeye. Inamwangalia yule wa kando ya barabara.

Kuna kiwango pia. Kwa mtu mmoja aliyeumia ama kufa, sheria inalazimisha kampuni ya bima kulipa hadi shilingi milioni 3. Korti ikikupa zaidi ya hapo, kinachobaki unamdai mwenye gari mwenyewe.

Na kama gari halina bima kabisa? Korti bado inaweza kusema ulipwe. Utatoka na karatasi nzuri yenye muhuri. Lakini huyo mwenye tuktuk atatoa wapi laki sita kama tuktuk yenyewe ni ya mkopo na logibuku iko kwa mwenye kukopesha? Unaweza kushinda kesi na bado ulale njaa. Hiyo ndiyo maana halisi ya gari bila bima.

Stika hailipi kila kitu

Sasa sikiza vizuri, juu hapa ndipo abiria wengi wa NEP huumia bila kujua.

Moja, ile bima ya lazima inahusu kifo na majeraha ya mwili. Mbuzi wako, mkokoteni wako, ukuta wa duka lako, sheria hailazimishi. Bima nyingi za mtu wa tatu huongeza mali kidogo, lakini hiyo ni makubaliano ya mkataba, lazima usome.

Mbili, dere mwenyewe hayuko. Akigonga ngamia usiku kati ya Garissa na Modogashe na avunjike mbavu, thadi pati haimjui. Gari lake pia halitengenezwi. Hiyo inataka bima kubwa, ya kila kitu, ambayo bei yake hupimwa kwa thamani ya gari.

Tatu, na hii ndiyo kali: abiria. Sheria inalazimisha kava ya abiria kwa gari ambalo kazi yake ni kubeba abiria kwa malipo, kama basi na matatu, ama gari linalobeba mtu kwa sababu ya mkataba wake wa kazi. Gari la mtu binafsi likikupa lifti, sheria hailazimishi bima ikulipe wewe uliyeketi ndani.

Sasa fikiria vile watu husafiri huku. Umekosa basi, unapanda juu ya lori la mizigo linaloelekea Wajir, umekaa juu ya magunia ya mchele. Ama unapanda pikapu iliyoshusha miraa na sasa inarudi ikibeba watu. Ama unaingia kwa Probox ya mtu, mko wanane, kila mtu ametoa doh. Hilo lori lina bima ya mizigo. Hiyo Probox bima yake inasema matumizi binafsi. Likianguka, kampuni ya bima ina njia ya kwenda kortini na kusema: hili gari lilitumika kinyume na mkataba, sisi hatuhusiki.

Kwa hivyo unaweza kupanda gari lenye stika safi kabisa, haijaisha, si feki, na bado wewe ukawa huna bima. Stika iko, lakini si yako.

Nne, gari la serikali. Cap 405 hailazimishi magari ya serikali kuwa na bima, na huku kwetu magari ya GK ni mengi. Ukigongwa na moja hujapotea. Unaishtaki serikali yenyewe kupitia kwa Mwanasheria Mkuu. Lakini saa inakimbia haraka. Kesi ya kawaida ya ajali una miaka 3 kuifungua. Dhidi ya serikali ni miezi 12 tu. Watu wengi hugundua hii mwezi wa kumi na tatu.

Kwa nini wengi hawana?

Jibu rahisi ni "watu ni wakaidi". Jibu la ukweli ni refu kidogo.

Doh. Dere wa tuktuk analipa tajiri kila jioni, anaweka mafuta, anapeleka unga nyumbani. Bima ni pesa ya kitu ambacho hakionekani. Matatu na mabasi wengi hulipa kava ya mwezi mmoja mmoja, na mwezi ukiwa mbaya, stika inaisha tarehe 14 na gari linaendelea kutembea hadi pesa ipatikane. Hizo siku za katikati ndizo hatari.

Dini. Garissa, Wajir na Mandera wakazi wengi ni Waislamu, na wengi wana swali la kweli kuhusu bima ya kawaida: kuna riba ndani, kuna gharar, yaani biashara ya kitu kisichojulikana. Huyu mtu ana imani yake, na kumwita mkaidi ni kukosea. Njia iko. Inaitwa takaful: wanachama wanachanga kwa mfuko mmoja, anayepata ajali analipwa kutoka hapo, na pesa haziwekezwi kwa riba. Takaful Insurance of Africa ilianza kazi Kenya mwaka 2011 ikiwa ya kwanza ya aina hiyo nchini. Na usiseme wafugaji hawaelewi bima: miaka michache baadaye, wafugaji wa Wajir walikuwa wanalipwa kupitia takaful ya mifugo, ile inayotumia picha za setilaiti kupima kama nyasi zimekauka. Mtu anayeelewa bima ya ngamia hawezi kushindwa na bima ya gari. Anachotaka ni kuelezwa kwa lugha yake na mtu anayemwamini.

Usajili. Mpaka wa Somalia ni mrefu na kuna magari yanayoingia bila kupitia forodha. Gari bila usajili wa Kenya haliwezi kupata cheti halali cha bima, juu cheti hushikana na nambari ya gari. Kwa hivyo hapo tatizo la bima ni mtoto wa tatizo la mpaka. Unaweza kumtoza dere faini mara kumi, bado hana mahali pa kununua kava.

Na sababu ya nne ndiyo watu wa Nairobi hawaiangalii kabisa: huku tayari kuna bima nyingine. Ni ya ukoo.

Mag: bima ya kabla ya bima

Wasomali huiita mag. Kwa Kiarabu na Kiswahili ni diya. Mtu akiua mwingine, hata kwa bahati mbaya, mzigo hauachiwi yeye peke yake. Wazee wa pande mbili wanaketi, wanasikiza, wanakubaliana, na ukoo wa aliyekosa unachanga. Kipimo cha kale ni ngamia 100 kwa mwanaume na nusu yake kwa mwanamke. Siku hizi mara nyingi hugeuzwa kuwa pesa, na kiasi hutegemea mazungumzo. Majeraha pia yana hesabu yake.

Ukiangalia vizuri, hii ni bima kamili. Watu wengi wanachanga kidogo ili mmoja asimalizwe na janga. Na ina mambo yake mazuri, tusidanganyane. Ni ya haraka. Kesi ya korti inaweza kuvuta miaka. Haihitaji wakili. Inazuia kisasi. Na iko na kitu ambacho stika haina: aibu. Dere ambaye ukoo umemchangia mara mbili anaanza kuitwa kando na wajomba. Kampuni ya bima haiwezi kukukalisha chini ya mti na kukuuliza kwa nini unakimbiza gari hivyo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inatambua njia za jadi za kusuluhisha mizozo, bora zisikanyage haki za binadamu wala sheria. Mwaka 2013 Mahakama Kuu Nairobi ilimwachilia mshtakiwa wa mauaji baada ya familia mbili kumalizana kwa desturi, na mawakili wanabishana kuhusu hiyo kesi hadi leo.

Lakini sasa rudi kwa yule mwalimu wetu. Tuseme ametoka Kitui ama Kakamega. Hana ukoo Garissa. Hakuna mzee wake kwa ile meza. Nani atamsemea? Wazee waungwana watamtafutia kitu, na wengi hufanya hivyo kwa utu. Lakini hana nguvu ya kudai. Mag hufanya kazi vizuri kati ya watu wanaojuana na wanaoogopana kidogo. Mgeni, fundi wa mjengo, nesi aliyetumwa kutoka mbali, mkimbizi wa Dadaab aliyepotezana na jamaa zake, wote hao wanatembea kwa barabara ileile bila hiyo kava.

Mwanamke naye anahesabiwa nusu. Mbele ya korti ya Kenya, hesabu inaangalia umri, kipato na watu waliomtegemea, si jinsia. Familia iliyofiwa na mama aliyekuwa akilisha watoto sita kwa biashara ya maziwa ya ngamia inafaa kujua hilo kabla ya kukubali chochote.

Na kuna dere aliyegonga akatoroka. Hapo ukoo gani utaitwa?

Mtego ambao madere hawaujui

Hii sehemu weka kwa simu yako. Tuseme wewe ni dere na bima yako iko sawa. Umegonga mtu. Jioni hiyohiyo wazee wameketi, umekubali kosa, ukoo umeahidi kiasi fulani. Wiki ijayo unaenda kwa kampuni ya bima ukitaka wakurudishie.

Watakuonyesha mstari mmoja kwa mkataba wako: usikubali kosa wala kuahidi malipo bila ruhusa ya kampuni. Hilo sharti liko kwa karibu kila mkataba wa bima ya gari. Kumaanisha ulikuwa na kava, na umeichoma kwa mdomo wako.

Si kusema usiende kwa wazee. Nenda, peleka pole, lipa matibabu ya kwanza kama unaweza, huo ni utu. Lakini piga simu kwa ajenti kabla hujaketi chini ya mti, na uwaambie wazee kuna bima ili mazungumzo yaijumuishe. Wazee wanaelewa biashara. Wengi wao wana magari.

Upande wa aliyeumia pia kuna mtego. Ukipewa karatasi ya kumalizana utie sahihi, isome yote, ama usomewe na mtu wako. Ukisaini kwamba umelipwa na huna dai lingine, hiyo karatasi itakufuata hadi kortini. Laki moja ya leo inaweza kukunyima matibabu ya miaka miwili.

Serikali inafanya nini sasa?

Tuanze na ukubwa wa shida. Kwa takwimu za NTSA, watu 4,324 walikufa barabarani Kenya mwaka 2023, na 4,748 mwaka 2024. Wanaoongoza ni watu wanaotembea kwa miguu, wakifuatwa na watu wa pikipiki. Yaani wanaokufa sana ni wale wasio na bati la kuwafunika, na ambao wanategemea bima ya mtu mwingine.

Serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa usalama barabarani wa 2024 hadi 2028. Mwaka 2025 wizara ya uchukuzi ikaleta rasimu za sheria mpya: ukaguzi wa magari ikiwemo ya watu binafsi yaliyozidi miaka minne, usafiri wa wanafunzi, madere walevi, na magari ya biashara. Ukaguzi unagusa bima pia, juu gari lenye breki mbovu ndilo litamtafuta mtu wa tatu.

Upande wa bima yenyewe, mabadiliko makubwa ni cheti cha kidijitali. Zamani stika ilikuwa karatasi, na karatasi inachapishwa hata kichochoroni. Sasa kampuni za bima kupitia chama chao, AKI, zinatoa vyeti kwa mfumo mmoja unaoitwa DMVIC, na cheti kinaweza kuhakikiwa kwa nambari ya gari. Feki imekuwa ngumu zaidi. Nambari mpya za magari zilizoanza 2022 pia zinalenga kitu hichohicho: gari moja, nambari moja, rekodi moja.

Lakini serikali pia imewahi kujipiga mguu risasi karibu. Kumbuka Mswada wa Fedha wa 2024. Ndani yake kulikuwa na ushuru mpya wa gari: asilimia 2.5 ya thamani, kuanzia 5,000 hadi 100,000 kwa mwaka. Na nani angeukusanya? Kampuni ya bima, siku unakata kava. Watu wa bima wakapiga kelele mara moja: mkifanya bima kuwa mlango wa ushuru, watu wataukwepa mlango. Ushuru huo ukatolewa mwezi wa Juni kabla ya mswada wote kuondolewa baada ya maandamano. Somo lake bado liko: ukitaka watu wanunue bima, usiifunge na kitu kinachowafukuza.

Halafu kuna hii ya vizuizi. Kila msafiri wa Garissa–Nairobi, hizo kilomita kama 370, anajua vizuizi viko. Sababu ni usalama, na historia ya mashambulizi inaeleweka. Mnashuka, mnapanga laini, kipande mkononi. Sasa swali la mwananchi: kama gari limesimamishwa tayari, na karao yuko hapo na simu ana, inachukua dakika ngapi kuangalia tarehe ya stika? Miundo iko tayari. Ni kuongeza swali moja kwa yale yanayoulizwa.

Wenzetu wanafanyaje?

Uingereza tangu 2011, gari lililosajiliwa lazima liwe na bima hata likiwa limeegeshwa nyumbani, ama mwenye gari aiambie serikali rasmi kwamba haliko barabarani. Kompyuta inalinganisha orodha ya magari na orodha ya bima, na barua inatumwa. Hakuna haja ya kungoja ajali wala kizuizi. Na ukigongwa na gari lisilo na bima ama lililotoroka, kuna mfuko wa kampuni zote za bima unaokulipa. Huo mfuko uko toka 1946.

Afrika Kusini wao wameweka senti kwa kila lita ya mafuta, na mfuko wa ajali unalipa waathiriwa. Umekuwa na madeni na malalamiko mengi, si kitu cha kunakili macho yamefungwa. Lakini wazo ni zuri: kila anayetumia barabara amechanga kwa anayeumizwa nayo.

Kenya hatuna mfuko kama huo wa anayegongwa na gari lisilo na bima. Na ukiangalia sana, huo mfuko wa Uingereza ni nini kama si mag? Ukoo mkubwa wa madere wote, unaomchangia mgeni asiye na mtu. Watu wa kaskazini mashariki hawahitaji kufundishwa hilo wazo. Walikuwa nalo kabla ya gari kufika. Kilichobaki ni kupanua meza ili mwalimu wa Kitui na yeye awe na kiti.

Ukigongwa, fanya hivi

Moja: Piga picha. Nambari ya gari, stika ya bima ikionekana tarehe na kampuni, mahali, alama za tairi. Kama wewe huwezi, omba mtu. Gari likihamishwa, ushahidi umehama nalo.

Mbili: Ripoti polisi. Sheria inamtaka dere asimame na aripoti ndani ya saa 24, lakini usimngojee yeye. Chukua nambari ya OB.

Tatu: Tibiwa na uweke kila karatasi. Risiti, picha za eksirei, nauli ya kwenda kliniki. Kama ni majeraha, chukua fomu ya P3 ijazwe na daktari.

Nne: Chukua abstrakti ya polisi. Angalia iko na jina la mwenye gari, kampuni ya bima na nambari ya sera. Kama jina la mwenye gari halijulikani, rekodi ya NTSA hutafutwa kupitia eCitizen.

Tano: Ijulishe kampuni ya bima mapema kwa maandishi, na kabla ya kesi kuanza. Kampuni isipoarifiwa kwa wakati, inaweza kukataa kulipa hata ukishinda.

Sita: Kumbuka saa. Miaka 3 kwa kesi ya kawaida, miezi 12 kwa gari la serikali. Mazungumzo ya wazee hayasimamishi hiyo saa. Unaweza kuketi nao miaka mitatu kamili, chai baada ya chai, halafu mlango wa korti ukafungwa.

Saba: Jihadhari na dalali anayekuja wodini na kalamu. Wakili wa kweli ana ofisi na jina unaloweza kuhakiki.

Na kabla hujagongwa

Wewe abiria, ukipanda basi, angalia kioo. Sekunde tatu tu: tarehe, nambari ya gari, ni ya PSV ama ya binafsi. Ukiona imeisha, uliza makanga kwa sauti. Wengine watageuka waangalie pia. Hiyo ndiyo kizuizi isiyohitaji karao.

Wewe dere, nunua kava kwa ajenti wa kampuni yenye leseni ya IRA, na uhakikishe inalingana na kazi unayofanya. Ukibeba watu, lipia watu. Kama dhamiri yako inakataa bima ya kawaida, uliza takaful. Kama doh ni shida, ongeeni kwa chama cha tuktuk ama bodaboda, mchange pamoja kila wiki ili tarehe ya stika isimkute mtu mikono mitupu.

Wewe mzee, ambaye sauti yako ina uzito kuliko ya karao yeyote: siku kijana wa ukoo ananunua gari, muulize bima kabla hujasema mashallah. Itakuokolea ngamia.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Ni kweli. Lakini ajali ina bili, na hiyo bili lazima imwangukie mtu. Yule mwalimu wetu sasa yuko wodini, mguu umefungwa, anangoja kuambiwa kama ile stika ya tuktuk ilikuwa hai ama ilikufa wiki mbili zilizopita. Hakuikata yeye, na ni yeye ndiye ataishi na jibu.